Mtu Mmoja Anayefungua Kila Jumanne

Mpendwa mshauri wa redioni, naomba msaada, na kabla hujaniuliza kwa nini nimetuma sauti badala ya kuandika kama watu wengine wenye adabu zao, nakwambia vidole vyangu vimejaa gundi, ndiyo sababu, ichukue hivyo hivyo kwa sasa, ile ya kweli inakuja huko mbele. Nakuomba uisome mwenyewe kwa sauti yako nzuri, yangu usiirushe hewani, maana saa nne asubuhi mtaa mzima huku unakusikiliza wewe, na mimi, sisemi kwa kujisifu, ni mtu maarufu.

Mimi ni fundi viatu. Nimekaa miaka arobaini na mitatu chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, kibanda changu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini humo ndani wamevuliwa viatu watu ambao nyinyi mnawataja kwenye taarifa ya habari, na wote wana vidole vya miguu kama wewe na mimi, wengine vibaya zaidi. Aliwahi kuja bwana harusi amebeba kisigino mkononi, bibi harusi yuko ukumbini anasubiri, nikakipiga misumari minne huku yeye amesimama mguu mmoja kama korongo, na ndoa ile mpaka leo imeshika, kisigino ndiyo sijui. Na siri ya kazi yangu, binti yangu, maana kwa sauti naona wewe ni binti yangu, siri ni kwamba mtu mwenye mguu mmoja mtupu haendi popote. Ukishamvua kiatu ni wako. Atasikiliza hadithi yako mpaka mwisho, na mimi hadithi zangu mwisho wake hauko karibu.

Sasa hapa ndipo gundi inapoisha vidoleni. Mimi sijui kusoma. Shule niliiona kwa nje, ilikuwa na ukuta mzuri. Nimeishi hivyo miaka yote na hakuna aliyejua ila mama watoto, maana kila asubuhi nanunua gazeti nalifungua mbele ya wateja, na sijawahi kulishika kichwa chini, si mjinga mimi, picha zinanionyesha juu ni wapi. Na kwa kuwa siwezi kuandika majina ya wenye viatu, kila mteja nina alama yake, naichora kwa ncha ya sindano chini ya soli, pale katikati pasipogusa ardhi. Karani wa posta ana bahasha, nesi ana bomba la sindano, yule wakili mnene nimemchorea kiboko na hajui. Viatu vya mke wangu nilivichora kifungo, duara na matundu mawili, kwa sababu siku ya kwanza nilipomwona alikuwa na kifungo katikati ya meno anashona, nikamsalimia, akanijibu kwa mkono ili asikimeze.

Yeye alikuwa fundi wa sare kiwandani, alikwenda shule, alisoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya dawa ya meno. Alipostaafu binti yetu aliye mbali akamtumia simu ya kupangusa, na siku moja alikuwa anatafuta humo mtandaoni namna ya kushona kifungo cha koti zito kisichong'oka, akakuta mchoro wa mzee mmoja amevaa koti la kazi, kifungo cha tatu hakipo. Akabonyeza. Kumbe ni katuni. Si za gazetini zile, wala hazina kampuni nyuma yake, ni mtu mmoja tu yuko kwake na kalamu yake, anachora ukurasa mmoja kila Jumanne na kuuweka pale bure, anayetaka aje, asiyetaka apite. Inaitwa Lifti Imesimama. Mzee ni mwendesha lifti, lifti yenyewe imekufa katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, lakini yeye kila siku anavaa koti, anapanda kwa ngazi ya mbao, anaingia humo ndani na kukaa kwenye kiti chake, na watu wa jengo wanakuja kukaa naye na kumweleza mambo yao. Ni hivyo tu. Wino mweusi, rangi hakuna.

Basi ikawa yetu. Kila Jumanne saa nane mama watoto anakuja kibandani na chupa ya chai, anakaa kwenye kigoda cha wateja, ananisomea, kila mtu na sauti yake, mzee sauti nzito, mwanamke wa ghorofa ya saba sauti ya puani, mpaka mimi nashona kidole changu mwenyewe kwa kucheka. Akimaliza namwona anabonyezabonyeza simu muda mrefu, nikimuuliza anasema namjibu mtu, mimi nikajua anamjibu binti yetu. Miaka mitatu hivyo.

Mwaka huu mwanzoni akaugua. Akalazwa, kitanda cha tatu kutoka dirishani, na huko pia alinisomea, amelala chali, simu ameiinua juu ya uso, sauti ya mzee haimtoki vizuri tena. Mimi nikawa namwambia itaishia wapi ile lifti, naongeza chumvi, anacheka mpaka nesi anatuangalia. Akafariki siku ya Jumatatu. Tukamzika Jumanne. Niliporudi nyumbani, watu wamekaa, nikaenda chumbani nikakuta simu yake juu ya mto, nikabonyeza ile picha ya lifti aliyoniwekea mbele nisipotee, na ukurasa mpya ulikuwa umefika. Nikauangalia, mshauri. Sikujua nifanye nini kingine.

Tangu hapo simu yake iko mfukoni mwangu wa shati na kila Jumanne saa nane nafungua. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa peke yake, nikaanza kuwaonyesha wateja. Anayevua kiatu tu namwambia, umewahi kuona kitu hiki, mimi ndiye niliyekigundua, ulimwengu mzima haujui, na mchoraji mwenyewe ananifuata mimi, tazama hapa pembeni anatia sahihi ya kifungo cha matundu mawili, ameiba alama yangu, sijui aliiona wapi. Wakacheka, wakapenda. Nikawaonyesha na nyingine, maana chini ya ukurasa anaweka vipicha vya wenzake wanaochora peke yao kama yeye, kuna ya paka anayetengeneza saa, kuna ya mapacha wanaoishi ndani ya tangi la maji, zote nikazipigia debe kama ni za kwangu. Lakini simu nashika mimi. Naigeuza wanaona mchoro, na kidole gumba changu kinakaa juu ya maneno, kisha maneno natia mwenyewe. Ulitaka nifanyeje? Nikaipandisha ile lifti mpaka paani, nikaitoa kwenye jengo, nikaivusha mto mgongoni mwa tembo. Mzee analia kwenye picha, nasema anakata vitunguu. Watu wanakuja na viatu vizima, mshauri, wananiambia fundi nigongee msumari hata pasipohitajika, niambie lifti imefika wapi.

Halafu siku moja Jumanne ikaja ukurasa haukubadilika. Milango ya lifti imefungwa, koti limetundikwa nje kwenye msumari, na kifungo cha tatu kipo, kimeshonwa. Nikasema mchoraji amelala. Jumanne nyingine hivyo hivyo. Wateja wanauliza. Nikatoa ya kwangu. Nimeshatoa za kwangu kumi na tisa.

Wiki iliyopita amekuja karani wa posta, kijana mtulivu, kazi yake kusoma miandiko mibaya ya watu mpaka ijulikane barua inakwenda kwa nani. Nimemvua cha kulia, soli imeachia mbele. Namwambia habari za lifti na yule tembo, akatoa simu yake akasema, babu, nimetaka kumwonyesha mke wangu nyumbani, nimeitafuta kwa jina nimeipata, lakini tembo simwoni. Nikamwambia simu yako ya zamani. Akaendelea kutazama. Kisha akaisogeza simu karibu na uso, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Akaniuliza, "Babu, Mke wa Fundi ni nani?"

Nikamjibu ni kampuni ya gundi.

Hakucheka. Akaanza kunisomea yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha za mwisho mwisho, pale pale kidole changu kilipokuwa kinakaa. Alisoma polepole, na mimi nimekishika kiatu chake, sindano iko nusu imeingia nusu imetoka. Ukurasa wa kwanza: Mke wa Fundi, wiki hii sijakuona, natumaini ni shughuli tu. Wa pili: nimerudia kurasa za nyuma kuona kama kuna kitu nilichokuudhi nacho. Mwingine: naona kuna mtu mmoja bado anafungua kila Jumanne saa nane, kama ni wewe nigombeze basi, usininyamazie. Na ule wa mwisho, wenye koti: nimefunga lifti, ukurasa wote utazimika mwaka ukiisha, asante kwa vifungo.

Kumbe mke wangu miaka yote ile alikuwa anamwandikia mchoraji. Na mtu mmoja wa Jumanne saa nane ni mimi.

Karani akasema, "Babu, nipe nimwandikie mistari miwili tu. Maneno yawe ya kwako, mimi nitashika simu."

Mshauri, nilimnyang'anya simu yake mkononi kama mwizi, nikamwambia hayo yote nayajua, mimi ndiye niliyeyaandika, nani amekuomba kunisomea, unadhani mimi kipofu? Nikamrudishia simu na kiatu nusu kimeshonwa. Akakivaa, akashuka ngazi za kutokea barabarani, soli inampigia makofi kila kipandio, na hakugeuka. Mtu mwenye mguu mmoja mtupu haendi popote, nimekwambia. Huyu alikwenda.

Sasa naomba unishauri. Nimewaza niache tu, mwaka umebakiza wiki tatu, ukurasa uzimike, nimalizie lifti mwenyewe kwa mdomo, hakuna atakayejua. Nimewaza pia nimtafute mtu wa mbali asiyenijua, aandike kama yeye, aseme ni mimi Mke wa Fundi, nilikuwa safarini, endelea kuchora. Maana nikiandika kwa jina langu itabidi mtu anishikie kalamu, na mtaa utajua, na gazeti langu la kila asubuhi nitaliweka wapi? Lakini si hilo tu. Mdomo wangu unazunguka, nisamehe. Ni hivi. Watoto wangu wanajua amefariki, majirani wanajua, kiwanda kilituma maua. Mtu mmoja tu duniani hajui, huyo mchoraji. Kwake yeye mke wangu hajafa, amenuna. Na mimi mke aliyenuna namjua, nimeishi naye miaka arobaini na moja. Mke aliyenuna hurudi.

Viatu vyake viko kibandani, rafu ya juu, nilivitia soli mpya akiwa bado hospitali. Hakuja kuvichukua. Nifanyeje?

Ni mimi, fundi, mwenye vidole vya gundi.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, baba fundi. Nimeisoma kwa sauti yangu kama ulivyoagiza, na sauti yangu haikukusaidia kitu, maana nilipofika kwenye kisigino cha bwana harusi mtaa wako wote ulikuwa umeshajua ni nani anayezungumza. Wakili naye sasa hivi amevua kiatu anatazama kiboko chake. Kwa hiyo hilo la kuficha tuliweke pembeni, limeshapita.

Pole, baba. Pole sana, na hii si pole ya redio. Nina baba mwenye mdomo kama wako, najua zinavyokuwa siku ambazo anasimulia zaidi.

Sasa keti kwenye kigoda chako cha wateja, leo wewe ndiye mguu mtupu.

Ulichokifanya kwa wateja wako si kupendekeza katuni. Kupendekeza ni kumfikisha mtu mlangoni, unamwambia gonga, halafu unasogea pembeni. Wewe ulisimama mlangoni ukatanua mikono ukaanza kuimba. Watu wote hao waliocheka kibandani kwako, hata mmoja hakufungua kwenye simu yake mpaka karani, na yule mtu aliyekaa kwake anachora peke yake akawa anahesabu jicho moja kila wiki. Jicho lako. Angekuwa na macho hamsini, angalau mmoja wao angemjibu. Hilo ni kosa, fundi, na ni lako, usimtupie mtu.

La kumtafuta mtu aandike kwa jina la marehemu, nisilisikie tena. Mama wa watu ameshona sare maisha yake yote bila kuacha uzi unaning'inia, wewe unataka kumwachia uongo unaotembea nyuma yake? Na ungekamatwa wiki ya kwanza. Huyo mgeni wako angejuaje kifungo cha tatu?

Nimeifungua, baba. Jina ulilitaja, nikaitafuta, tukakaa na mtangazaji mwenzangu tukasoma tangu ukurasa wa kwanza, tukachelewa kikao. Na chini ya kurasa nyingi, miaka mitatu, yuko Mke wa Fundi. Ameandika mara mia moja na kumi na mbili. Nitakusomea tatu tu, uzijue, nyingine si za hewani.

Ya kwanza kabisa ni hii: "Kifungo cha tatu hakipo. Ni makusudi au umesahau? Kama ni makusudi, mchore basi na uzi, kifungo hakiondoki bila kuacha uzi." Ukurasa uliofuata mzee ana uzi. Rudi kautazame, uzi ule ni wa mke wako.

Ya pili ni ya miezi michache baadaye, mchoraji amelalamika kwamba hana sahihi nzuri. Mke wako akamjibu: "Mume wangu hunichorea kifungo chini ya viatu vyangu visije vikapotea kwa wengine. Duara, matundu mawili. Chukua kiwe chako, yeye anacho cha kutosha." Kwa hiyo hukuibiwa, mzee wangu. Kifungo kilitolewa kama zawadi, na hukujua.

Na ya mwisho, ya wiki ile ya hospitali: "Leo nimesoma nimelala. Nimemsomea na mzee wangu, anasema lifti itapasua paa iende zake, usimsikilize, huyo hata kufuli anaweza kulitungia ukoo. Siku moja anaweza kuja hapa bila mimi. Atakuwa kimya, na kimya si tabia yake, kwa hiyo utajua kuna kitu. Mkaribishe. Anajua kutazama." Mchoraji alimjibu neno moja, karibuni, kwa wingi.

Umesikia? Alikufungulia mlango uingie, na mchoraji hakuelewa, na wewe ulikuwa umeweka kidole juu yake. Mlikaa mmoja huku mmoja kule, kila Jumanne saa nane, mnamsubiri mtu yule yule.

Sasa sikiliza utakachofanya, na ukifanye wiki hii, siyo ile ya mwisho wa mwaka. Funga kibanda mapema, chukua sindano na uzi, nenda posta. Usimwite karani kwako, wewe ndiye uliyemwaibisha, wewe ndiye utakayepanda ngazi zake. Mvue kile kiatu pale pale kwenye kaunta na ummalizie soli yake, na wakati unashona umwombe radhi, maneno machache, usimtie tembo. Usijitese kuwaza jinsi ya kumwambia hujui kusoma. Kijana ana bahasha chini ya kiatu miaka yote, na kazi yake ni kujua kitu kinakwenda kwa nani hata kama hakikuandikwa vizuri. Hajawahi kukuuliza kwa nini huandiki jina lake. Unadhani ni kwa sababu hajui?

Kisha utasema, yeye ataandika. Maneno yawe yako, asiyapambe. Sema Mke wa Fundi amefariki, taja siku. Sema anayefungua kila Jumanne ni wewe, na kwamba hukunyamaza kwa hasira. Basi, simama hapo. Najua itakuuma kusimama hapo kuliko kusema. Mchoraji akirudi kuchora, vizuri. Asiporudi, humdai ukurasa hata mmoja, mtu akifunga duka lake hatumwamrishi afungue. Yeye ndiye anayekudai kitu kimoja tu, ruhusa ya kuacha kujiuliza alikosea nini, na hiyo ruhusa iko mfukoni mwa shati lako.

Mwombe karani pia azichape kwenye karatasi zile mia moja na kumi na mbili zote kabla ukurasa haujazimika, na akusomee taratibu, moja moja, Jumanne kwa Jumanne. Ukimaliza zote utakuwa umepita mwaka wa pili. Na kama katikati ya kusomewa utataka kujua herufi moja au mbili zinavyokaa, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mchoree kiboko.

Wateja wako waambie. Waambie tembo ni wako, mto ni wako, zile kumi na tisa ni zako, na nakuhakikishia watataka ya ishirini, maana hadithi unazo kweli, hilo hukujisifu bure. Lakini ya mwendesha lifti kila mmoja aifungue kwenye simu yake mwenyewe, mguu mtupu au mguu mzima, na wewe kidole gumba ukikalie. Wafungulie na ya paka na ya mapacha wa kwenye tangi. Huko nako kuna watu wanahesabu macho.

Wasikilizaji wengine, mnaonisikia, jina mmelisikia. Lifti Imesimama. Sisemi zaidi, nimesogea pembeni.

Na kabla hujatoka kwenda posta, baba, shusha vile viatu vya rafu ya juu. Geuza soli. Kama umetia mpya basi kifungo umekichora upya, sidhani ulisahau. Kipige picha kwa simu ya mama, karani akuonyeshe mara moja tu pa kubonyeza, na uitume kwa kidole chako mwenyewe, itangulie mbele ya yale maneno. Huyo mchoraji hatahitaji kuambiwa ni ya nani.

Mke aliyenuna hurudi, umesema kweli, na wewe una uzoefu kuliko mimi. Lakini wako hakununa, baba. Nenda ukamwambie mwenzako wa Jumanne.